Mwezi Uliozidi Tumboni

Kule Gora, juu kabisa ambako mawingu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi, mwanamke hana haja ya kalenda ya ukutani kujua siku zake. Akiwa kwenye hedhi haingii kanisani. Husimama nje ya ukuta wa mawe, anasali akiwa hapohapo, na siku hiyo ina jina la mtakatifu wake. Kwa hiyo ukimuuliza mwanamke wa Gora siku zake zilikuja lini, hatakutajia tarehe. Atakwambia, "Siku ya Mikaeli nilisimama nje," na maneno yamekwisha.

Ndiyo maana Sista Fikirte, mkunga wa kituo cha afya, alishangaa alipomuuliza Wubalem swali hilohilo na Wubalem akaanza kubabaika.

"Mara ya mwisho ulisimama nje lini?"

Wubalem aliitazama mikono yake. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Alisimama nje siku ya kwanza ya Filseta, mfungo wa Mariamu, wakati Gora nzima, hadi watoto wanaojifunza kutembea, ilikuwa imejaa ndani ya ukuta. Ukungu ulikuwa mzito mpaka kanisa halikuonekana, ngoma tu zilisikika. Alijibana kwenye pembe ya ukuta, akajifunika shela, akajiambia hakuna aliyemwona. Mtu mmoja alipita karibu kwenye ule weupe, akakohoa, akapotea.

"Mwanzoni mwa Hamle," alisema.

"Hamle una uhakika? Maana mimi nitahesabu kuanzia hapo. Ukinidanganya mimi, nami nitamdanganya mtoto."

"Nina uhakika, Sista."

Sista akaandika kwenye kadi. Hamle ndio mwezi unaoutangulia ule mfungo, na kweli Wubalem alisimama nje mwanzoni mwake. Alichofanya ni kuruka mara moja tu, ile ya mwisho. Aliona ni uongo mdogo, wa mwezi mmoja, ambao hautamdhuru mtu. Watu wengi huona hivyo wanapoanza.

Sasa msimwone Wubalem mtu wa ajabu. Wakati wa Filseta watu wa Gora hawaonji nyama wala siagi, na mume na mke kila mmoja hulala upande wake. Hakuna anayekwenda kuchungulia kitanda cha mwenzake, lakini siku zikifika za kuzaa, vidole vya wanawake hurudi nyuma vyenyewe, vinahesabu. Mtoto akiangukia mfungoni, ataitwa mtoto wa mfungo mpaka aote mvi. Isitoshe, Wubalem hakuwa akiishi kwa mtu yeyote tu. Alikuwa akiishi nyumbani kwa mama mkwe wake, Emahoy Askale, ambaye mumewe alipofariki alivaa kofia ya utawa, akaitwa Emahoy kama watawa wenzake, na kuanza kufunga hata siku ambazo kanisa lenyewe limepumzika. Bibi huyu alikuwa na neno moja la kujivunia duniani, nalo kijiji kizima kilikuwa kimelisikia mpaka likachosha: kwamba mwanawe wa pekee, Getinet, alizaliwa mkesha wa Lideta, siku ya kuzaliwa kwa Mariamu. "Alinikabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono," alikuwa akisema, na watu wakiitikia kwa adabu huku wakinywa kahawa yake.

Getinet ni fundi wa mawe. Mwaka ule aliitwa kwenda kujenga daraja huko chini kwenye joto, na gari la kumchukua lilikuja mfungo haujakwisha. Adhuhuri ya siku iliyotangulia safari yake, Emahoy alikuwa kanisani. Getinet alikuwa akikunja mashati yake, Wubalem akimfungia mkate wa njiani. Mvua ikashuka, ile mvua ya milimani inayoziba mlango kama pazia, na juu ya bati ukawa mlio mmoja mrefu usiokatika. Walikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto. Kwa mbali ngoma za kanisani zilipigwa polepole, zikaja na upepo, zikaenda nao. Shati moja lilianguka sakafuni na hakuna aliyeliokota. Mvua ilipokatika waliogopa kutazamana, kisha wakatazamana, wakacheka kwa kuziba midomo.

Alfajiri Getinet aliondoka. Aliporudi, yale maua ya njano ya mwaka mpya yalikuwa yameanza kunyauka mabondeni. Basi mtoto huyu ama alikuja kabla ya mfungo, ama alikuja ndani ya mfungo. Njia ya tatu haikuwepo, na Wubalem alichagua ile iliyo safi.

Alijua mapema sana kwamba amebeba. Alijua katika Pagume, kale kamwezi ka siku tano kanakofunga mwaka, ambako mwaka ule kalikuwa na siku sita. Siku ya Rufaeli, malaika anayefungua matumbo, mvua ikinyesha watu hutoka nje kuoga, kwa sababu maji yale yana baraka. Wubalem alitoka na shela lake. Watoto walikuwa wakirukaruka uchi uani, mabibi wamekinga vichwa vyao juu kama vikombe. Yeye alisimama katikati yao, maji yakimtiririka shingoni, na ndani yake akasikia utulivu ambao hakuwahi kuujua. Hakujua kama anatakiwa kushukuru au kuomba msamaha, kwa hiyo alifanya yote mawili.

Ndoto zilianza baada ya ile siku ya kliniki. Kila mara alikuwa akiota ukuta wa kanisa, na ukungu, na mtoto amesimama nje ya ukuta. Sura yake haikuonekana vizuri. Alikuwa amevaa koti refu linaloburuta ardhini, mikono ya koti imening'inia mpaka magotini.

"Mama, koti hili la nani?"

"Lako."

"Mbona linanipwaya?"

"Utalifikia. Kua tu."

"Ninakua," mtoto alijibu, bila hasira. "Ila koti nalo linakua."

Wubalem aliamka na mkono uko tumboni. Mtoto alikuwa akicheza humo ndani, anageuka taratibu kama mtu anayetafuta upande mzuri wa mto. Siku nyingi ziliendelea hivyo, nusu usingizi nusu kazi. Akisokota pamba, mkono uliendelea wenyewe na akili ilikuwa imekwenda ukunguni. Akipika mkate wa injera, alisahau kufunika, na Emahoy alifunika bila kusema kitu.

Kwenye kliniki Sista Fikirte aliinyoosha futi yake ya kupimia juu ya tumbo, akasoma, akaitazama kadi, akainyoosha tena. "Mtoto wako ni mdogo kuliko miezi yake," alisema. "Kula mayai." Mara iliyofuata alisema vilevile, na mara iliyofuata hakusema, alikunja uso tu, na hapo Wubalem aliogopa zaidi.

Wanawake kisimani nao walikuwa na macho.

"Wube," alisema jirani yake Yeshareg, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, "hiyo mimba umeiweka mfukoni? Mimi nilipofika hapo ulipo nilikuwa siioni miguu yangu. Nilimwuliza mume wangu kama bado ninayo."

"Kila tumbo na lake."

"Ni kweli. Lako lina haya kama mwenyewe."

Wakacheka, Wubalem akacheka nao, kisha akachota maji yake haraka akaondoka.

Ilipofika Krismasi, mwaka ule ilikuja siku moja mapema, na jioni yake Getinet alimuuliza mama yake kwa nini. Si kwamba hakujua. Alitaka tu kumchokoza azungumze, maana nyumba ilikuwa kimya mno.

"Wewe ni fundi mzima na hujui?" Emahoy alisema. Alikuwa amekaa karibu na moto, kofia yake ya njano imeshuka mpaka kwenye nyusi. "Mariamu alibeba miezi tisa na siku tano. Siku tano hizo ni Pagume. Sasa Pagume ikiwa na siku sita, Krismasi inasogezwa nyuma siku moja, ili tumbo lake lisizidishiwe." Alikohoa, moshi ulikuwa mwingi. Kisha akageuza shingo polepole, akamtazama mkwewe. "Kanisa zima linasogea, mwanangu, mapadri na ngoma na kila kitu, kwa ajili ya siku moja ya tumbo la mwanamke."

Wubalem alisukuma kuni motoni. Alijiambia bibi anasimulia tu, kama wanavyosimulia mabibi wote. Usiku huo koti la mtoto lilikuwa limekuwa refu kiasi kwamba uso haukuonekana kabisa.

Kwaresima ilikuwa inaelekea mwisho pale Sista Fikirte alipowaita wote watatu, mke, mume na mama mkwe. Kituo kilikuwa kimepata ile mashine ya kutazama tumbo, na Wubalem alilala, akapakwa mafuta baridi, akaona kwenye kioo kitu cha kijivu kinachoelea katika ukungu. Kumbe hata humo ndani kuna ukungu, aliwaza. Moyo mdogo ulikuwa ukidunda pale, haraka, kwa bidii. Alitamani kubaki akiutazama mpaka jioni.

Sista alifuta mafuta, akakaa.

"Nisikilizeni vizuri. Mtoto ni mzima, lakini ni mdogo, na kwa hesabu ya Hamle ameshapitiliza. Mtoto mdogo aliyepitiliza hatumwachi ndani. Nimeita gari. Mtashuka leo mpaka hospitali ya mjini, wamwanzishie uchungu."

"Leo?" Getinet aliuliza.

"Leo. Nimesubiri kuliko ninavyopaswa."

Wubalem aliinuka akakaa. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Sista, na kama hajapitiliza? Na kama bado hajafika?"

"Akitolewa hajafika, huenda mapafu yake hayako tayari. Atahangaika kuvuta pumzi, na hapo siwezi kukuahidi kitu. Lakini mimi sina shaka, kwa sababu wewe hukuwa na shaka. Kila ninapompima amekua kidogo, na kila mara yuko nyuma kwa kiasi kilekile. Mtoto wa hivyo ama ana tatizo, ama tarehe yake ni ya uongo. Nawe uliniapia tarehe."

Nje gari lilisikika likipanda mlima, linanguruma na kusita. Wubalem alimtazama mumewe. Huyu ni mtu anayebeba mawe ya daraja begani, lakini mbele ya mama yake mifupa yote humwisha. Alikuwa akiyatazama mabati ya dari kana kwamba atalipwa kuyahesabu. Alimtazama mama mkwe wake. Emahoy alikuwa amekaa kwenye benchi la kona, macho amefumba, vidole vikizungusha shanga za sala. Kisha akalitazama tumbo lake mwenyewe, na akamwona yule mtoto nje ya ukuta, amezama ndani ya koti ambalo yeye mama yake ndiye aliyemvisha. Hofu ya aibu ikamtoka, ikabaki hofu ya kumpoteza mtoto peke yake.

"Si Hamle," alisema.

Sista hakuinua kichwa. "Nini?"

"Si Hamle, Sista. Mara ya mwisho nilisimama nje siku ya kwanza ya Filseta. Mtoto huyu alikuja ndani ya mfungo. Nilidanganya."

Getinet alifumba macho. Sista Fikirte aliweka kalamu chini na kumtazama Wubalem kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Wubalem, dada yangu. Kila mwanamke ninayemtajia hospitali ya mjini hukumbuka tarehe mpya. Mmoja aliniambia amekumbuka mwaka mwingine kabisa. Unaogopa, nakuelewa. Lakini kama nikikufuata na ukawa unaniongopea leo, mtoto atafia ndani. Nani mwingine anajua siku hiyo?"

"Hakuna. Kulikuwa na ukungu. Hakuna aliyeniona."

Gari lilizimwa mlangoni. Dereva akapiga honi moja fupi.

Hapo mtu akakohoa. Wubalem aligeuka, kwa sababu kikohozi kile alikuwa amekisikia mara maelfu jikoni, lakini siku ile tu ndipo alipokumbuka ile mara moja aliyokisikia nje ya ukuta.

"Mimi nilimwona," alisema Emahoy.

Alisimama, akashikilia fimbo yake. "Siku ya kwanza ya Filseta ubani ulinibana kifua, nikatoka nje kukohoa. Alikuwa kwenye pembe ya ukuta, amejifunika shela kama mtu aliyeiba. Kwa hiyo Hamle usiiandike. Na mwanangu aliondoka mfungo haujakwisha, kijiji kizima kilimwona akipanda gari. Hesabu mwenyewe, Sista. Mtoto huyu ni wa mfungo, na ni wa nyumba yangu. Andika hivyo, na ukitaka niape, lete msalaba."

Sista alimtazama bibi huyu mwenye kofia ya utawa, ambaye kama angekuwa wa kusema uongo, huu ndio uongo wa mwisho ambao angeuchagua. Akavuta kadi, akakata tarehe ya zamani kwa mstari mmoja. Midomo yake ilicheza kidogo alipokuwa akihesabu. Akarudi akaweka viganja vyake viwili juu ya tumbo, akakaa hivyo, na uso wake ukaanza kufunguka.

"Basi si mdogo," alisema. "Hajapungukiwa na kitu. Yuko sawasawa na siku zake." Akacheka, akajifuta jicho. "Getinet, toka kamwambie dereva arudi. Na wewe Wubalem, ningekuwa na nguvu ningekuchapa. Nitakuona kila wiki."

Walirudi kwa miguu, polepole, ukungu ukiwafuata bondeni. Getinet alitangulia mbele, mwepesi kama aliyetua mzigo. Wubalem alilia njia nzima, na Emahoy alimwacha alie.

"Emahoy, kwa nini hukusema siku zote hizo?"

"Nilikuwa nakungoja. Siku ni zako na za mtoto. Ningezisema mimi, ungenichukia mimi na kuuamini uongo wako." Alipiga hatua kadhaa. "Ila leo nilifumba macho nikamwambia Mariamu, asiposema mpaka gari lizimwe, nitasema mimi. Nilikuwa naogopa kuliko wewe."

"Na sasa watu watasema."

"Tembea taratibu, mwanangu," alisema bibi. "Mtoto hana haraka."

Pasaka ikaja na kupita, siagi ikarudi nyumbani. Wubalem aliota mara moja tu katika siku zile. Mtoto alikuwa nje ya ukuta vilevile, lakini koti lilikuwa limeishia kwenye vifundo vya miguu, na mikono midogo, mizima, yenye kucha, ilikuwa imetokeza. Hakuuliza kitu. Aliingiza mkono mmoja kwenye mkono wa mama yake, na ulikuwa na joto.

Alizaliwa mkesha wa Lideta, wa kike, amenona, na kilio chake kilimfanya mbuzi wa Yeshareg akate kamba. Asubuhi yake wanawake wa Gora walikuwa tayari wako mlimani na mikate na nafaka za kuchemsha kwa ajili ya sikukuu, kwa hiyo walishuka na vyote walivyonavyo, wakaujaza uwanja wa Emahoy kwa vigelegele. Walikula uji mzito wa shayiri uliozama kwenye siagi. Kahawa ikakaangwa. Na kahawa ikishamiminwa, bila shaka, vidole vikaanza.

"Mkesha wa Lideta," alisema Yeshareg, taratibu, kidole gumba kikiangusha kidole kimoja baada ya kingine. "Ngoja. Tukirudi nyuma miezi tisa... na zile siku tano..." Akainua uso. Macho yalikuwa yanang'aa kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani. "Emahoy! Hii si inaangukia Filseta?"

Vikombe vilisimama hewani. Getinet, aliyekuwa akipasua kuni, aliacha shoka ndani ya gogo. Wubalem, kitandani, mlango ukiwa wazi, alimkumbatia mtoto kwa nguvu.

Emahoy Askale alikuwa akimimina kahawa. Hakuacha kumimina. Alijaza kikombe cha Yeshareg mpaka ukingoni, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Umehesabu vizuri," alisema. "Inaangukia Filseta. Una kichwa kizuri, Yeshareg, usikipumzishe. Ukimaliza kumhesabu mtoto, mhesabu na baba yake."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha vidole vya Yeshareg vikaanza tena vyenyewe, kwa mazoea. Getinet wa mkesha wa Lideta. Yule ambaye Mariamu alimkabidhi, mkono kwa mkono, miaka thelathini wakisikia na hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuka nyuma kuhesabu. Kidole kikashuka, na kingine, na kingine, vikafika mahali vilipofika, vikakwama.

Bibi mmoja upande wa nyuma ndiye aliyeanza kucheka. Akafuatia mwingine. Kikaenda kicheko kile uwanja mzima, wanawake wakishikana mabega, wengine machozi yakiwatoka, na kuna wawili watatu waliokuwa wakicheka huku wakikwepa kutazamana, kwa kuwa nao walikuwa na watoto wa mwezi huo.

Emahoy aliingia ndani. Alivua kofia yake, jambo ambalo Wubalem hakuwahi kuliona, na kichwa chake kilikuwa kidogo, cheupe, kama cha ndege. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kwa Getinet, mwenzako niliwadanganya watu tu, nikaachiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ila kabla ya Getinet kulikuwa na mwingine. Yule nilizificha siku zake hata kwa mkunga, akatolewa kabla ya wakati wake. Alivuta pumzi mpaka jioni."

Akanyoosha mikono, na Wubalem akampa mtoto.